Kirusi Kilichogoma Kutoka: Somo la Kompyuta ya Sebuleni Kwetu

(Hii ni mada niliyoitoa kwenye semina ya makatibu wa vijana wa kata, hapa Mwanza. Wengi mliomba iandikwe ili mwende nayo kwenye matawi. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, kwa hiyo mnisamehe pale lugha inapokuwa ya mdomo zaidi.)

 

Kwenye ratiba mada yangu imeandikwa "Usalama wa Mtandao". Jina kubwa hilo, na mimi si mtaalamu wa chuo. Kwa hiyo nitazungumzia kitu kimoja tu ninachokijua vizuri: kompyuta ya sebuleni kwetu, iliyoingiwa na kirusi Septemba 2020, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu. Ilinichukua siku tisa kukitoa. Na ndani ya siku hizo tisa tulikaribia kumfukuza kijana wetu ambaye hakuwa na kosa lolote. Yupo humu ndani leo. Nilimwomba ruhusa ya kulisema hili, akaniambia, "Dada, sema, ila na wewe ujitaje." Basi nitajitaja.

Mnajua hali ya ofisi zetu za kata. Chumba cha kupanga, meza moja, bendera, na luku inayokatika katikati ya kikao. Kompyuta ya chama kwenye kata yetu ilikuwa ni ya kwetu nyumbani: mashine ya mezani, mtumba wa Kariakoo, imefunikwa kitambaa kama redio ya zamani. Mchana mdogo wangu anachezea magemu na kuweka muvi, usiku mimi nachapa barua za chama. Humo ndimo ilimokuwa orodha ya mawakala wetu: jina, namba ya simu, namba ya kadi ya mpiga kura, kituo atakachosimamia. Mtu anayesubiri fomu namba 21 isainiwe saa sita za usiku, jina lake lilikuwa sebuleni kwetu, kwenye mashine isiyo na hata neno la siri.

Ijumaa jioni nikaweka orodha kwenye flashi, nikampa kijana aipeleke jimboni. Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya kukabidhi majina kwa msimamizi wa uchaguzi. Kijana akafika, flashi ikachomekwa, orodha hakuna. Kuna kifolda kimoja chenye kimshale pembeni. Wakikibofya, hakifunguki kwa sababu antivairasi ya pale imeshika kitu na kukifuta. Kwa macho ya watu pale, flashi ilikuwa tupu.

Sasa fikirieni wenyewe. Wiki zile kila mtu anamwangalia mwenzake. Wagombea wetu wanaenguliwa huku na kule, maneno ya watu kununuliwa yanazagaa. Kabla ya saa tatu usiku kundi letu la WhatsApp lilikuwa limeshamaliza kesi. "Pandikizi." "Kauza orodha." "Aulizwe alipitia wapi." Na mimi, niliyemkabidhi flashi kwa mkono wangu, niliandika: "Nilikuwa na wasiwasi naye tangu mwanzo." Uongo mtupu. Sikuwahi kuwa na wasiwasi naye. Niliogopa nitaulizwa mimi.

Kilichomwokoa ni flashi nyingine. Usiku ule ule mdogo wangu alichomeka flashi yake ya notsi za shule. Nikiwa nimesimama nyuma yake, nikaona folda zake zote, moja baada ya nyingine, zinageuka kuwa na vile vimshale. Haikufika dakika. Kijana wetu hakuwahi kuigusa flashi ile. Kwa hiyo aliyeharibu hakuwa aliyebeba. Ugonjwa ulikuwa kwetu nyumbani.

Nikamwambia dogo asiguse kitu. Nikabofya mali za ile flashi: imeonyesha nafasi iliyotumika ni ile ile kama mwanzo, zaidi ya giga moja. Kama mafaili yamefutwa, nafasi ingerudi. Maana yake mafaili yamo, yamefichwa tu.

Makamanda, hapa naomba muandike, kwa sababu hiki kirusi cha shotikati bado kinazunguka kwenye steshenari zetu. Kinafanya hivi. Kinachukua folda yako ya kweli, kinaipa alama ya kufichwa na alama ya kuwa faili la mfumo, isionekane. Halafu kinaweka shotikati yenye jina lile lile. Ukiibofya, inafanya mambo mawili kwa pamoja: inakufungulia folda yako ya kweli ili usishtuke, na chini chini inaendesha faili dogo la maandishi ya amri, mara nyingi linaishia na .vbs. Ndiyo maana mtu anaweza kuishi nacho mwezi mzima hajui. Kila akifungua kazi zake, anakilisha.

Kurudisha mafaili ni rahisi. Unafungua dirisha la amri, unaandika: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na badala ya E unaweka herufi ya flashi yako. Subiri kidogo. Folda zako zinarudi zilivyo. Zile shotikati unazifuta, na faili lolote la .vbs usilolijua unalifuta. Usiku ule orodha yetu ilirudi yote, na Jumatatu ilikabidhiwa. Watu wengi huishia hapo, wanamshukuru Mungu, wanalala. Na mimi nililala.

Asubuhi kilikuwa kimerudi.

Mara ya kwanza kilirudi kwa sababu nilisafisha flashi nikaacha mashine. Flashi hubeba tu, makazi yake ni kwenye kompyuta. Nilifungua Task Manager, nikaona programu inaitwa wscript.exe inaendeshwa muda wote, na mimi sijafungua chochote. Hiyo ni programu halali ya Windows, kazi yake ni kuendesha mafaili ya amri, na ndiyo kirusi kilikuwa kinaipanda mgongoni. Kwenye orodha ya vitu vinavyojiwasha pamoja na kompyuta palikuwa na kitu kinachojiita "Microsoft Windows Based Script Host". Jina zuri, linatisha kulifuta. Lakini ukifuata linakoelekea, linakwenda kwenye folda ya AppData, kwenye faili lenye jina la herufi zisizo na maana. Nikasimamisha ile wscript, nikafuta faili, nikaondoa ile ya kujiwasha. Nikazima, nikawasha. Safi.

Siku mbili, kimerudi.

Mara ya pili kilirudi kwa sababu nyumba yetu ilikuwa na flashi nne na kadi mbili za simu, na mimi nilisafisha mbili. Baba alikuwa na yake ya kwaya, amechomeka Jumapili mchana. Nikakusanya zote kwenye bakuli, kweli, bakuli la mboga, nikasema hakuna anayechomeka kitu humu ndani mpaka niseme. Nikarudia kazi yote upya.

Siku ya sita kimerudi, na hakuna flashi yoyote iliyoguswa. Hapo ndipo nilikaa chini nikakiri kwamba sikielewi. Nikampigia rafiki yangu anayetengeneza kompyuta, akaniuliza swali moja tu: "Hiyo Windows yako uliiamilishaje?"

Nikamtazama mdogo wangu. Mdogo wangu akatazama dari.

Miezi mitatu nyuma alishusha mtandaoni kile kiprogramu cha kuiamilisha Windows bila kulipa. Maelekezo yake yalisema: kwanza zima ulinzi, kisha ruhusu. Akazima, akaruhusu. Nikaingia kwenye mipangilio ya Windows Security, sehemu ya vitu ambavyo antivairasi haitakiwi kuvikagua. Nikakuta pameandikwa diski C yote. Mnaelewa hiyo? Yaani mlinzi yuko getini, ana sare, ana tochi, na ameambiwa asiangalie ndani ya nyumba. Kila nilipobofya kuskani, iliniambia hakuna tatizo, na ilikuwa inasema kweli, kwa sababu ilikuwa hairuhusiwi kutazama popote. Halafu nikafungua Task Scheduler, ile ratiba ya kazi za kompyuta, nikakuta kazi moja iliyopangwa kujirudia kila baada ya dakika kadhaa. Kazi yake ni kuangalia kama lile faili bado lipo, na kama halipo, kulileta tena.

Kwa hiyo kilirudi mara tatu, na kila mara kwa sababu tofauti. Kwanza nilisafisha kinachoonekana. Pili nilisafisha pangu tu. Tatu nilikuwa nimemfunga macho mlinzi wangu mwenyewe. Kirusi king'ang'anizi hakina uchawi. Kina mahali pa pili ambapo hujapatazama.

Nini nilifanya mwisho? Nitawapa mpangilio ule ambao ningeufuata tangu siku ya kwanza kama ningejua.

Kwanza, nilichomoa waya wa intaneti. Kirusi cha aina hii mara nyingi kinaongea na mtu nje, kinapokea amri. Ukikikatia mtandao, unakikatia mdomo na masikio.

Pili, niliondoa ile ruhusa ya kutokaguliwa, nikachagua ukaguzi unaoitwa Microsoft Defender Offline. Huu unaizima kompyuta na kuikagua kabla Windows haijaamka, kwa hiyo kirusi nacho hakijaamka. Unachukua kama robo saa. Ulikamata vitu vinne. Wengine huwasha mashine kwa Safe Mode, unashikilia Shift huku unabofya kuwasha upya, halafu unaendelea na maelekezo. Nayo inasaidia, kwa sababu Windows inaamka na vitu vichache tu na vingi vya kujiwasha havijiwashi.

Tatu, na hili ndilo gumu kukubali: mashine iliyokaa na mlango wazi miezi mitatu huwezi tena kuiamini, hata antivairasi ikisema safi. Niliamua kuifuta yote. Nilihamisha kazi zetu kwa kutumia flashi ya Linux, ambayo inawasha kompyuta bila kugusa Windows kabisa. Nilichukua hati, picha na majedwali tu. Sikuchukua programu yoyote, wala faili la kusakinishia, wala kitu kinachoishia na .exe, .vbs, .scr au .lnk. Halafu kwa kompyuta ya rafiki yangu, ambayo ni safi, tulishusha Windows kutoka kwa Microsoft wenyewe, tukaiweka kwenye flashi ya giga 8, tukafuta migao yote ya diski na kusakinisha upya. Bando liliniuma, nisiwadanganye. Lakini kazi yote ilikuwa mchana mmoja, baada ya siku nane za kufukuza kivuli.

Nne, maneno ya siri. Wengi hukosea hapa: wanabadilisha wakiwa bado kwenye mashine mbovu, kirusi kinasoma jipya kama kilivyosoma la zamani. Badilisha kwenye kifaa safi. Mimi nilitumia simu. Anza na barua pepe, kwa sababu ukiwa na barua pepe ya mtu unaweza kuomba maneno yake mengine yote. Weka uthibitisho wa hatua mbili. Kisha fungua WhatsApp, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, ukikuta kompyuta usiyoijua, itoe. Mimi nilikuta yangu imeunganishwa tangu Juni, kundi la mikakati ya jimbo liko wazi sebuleni.

Tano ndiyo iliyoniuma kuliko zote. Nilipiga simu kwa mawakala, mmoja mmoja. Nikawaambia: jina lako na namba yako zilikuwa kwenye mashine iliyoingiliwa. Sijui kama kuna aliyezichukua, lakini una haki ya kujua. Wawili walijitoa. Mama mmoja alinyamaza muda mrefu halafu akasema, "Mwanangu, mimi nina watoto, mngetunza vizuri." Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

Sasa nataka niseme kuhusu lile neno la kwanza tuliloandika kwenye kundi: pandikizi. Na lile la pili: "ni wao, wametuingilia."

Sisemi upinzani hauwindwi. Mwaka 2015 shirika la Privacy International lilitoa ripoti kuhusu Uganda, likaeleza operesheni ya siri ya kuwachunguza wapinzani na waandishi baada ya yale maandamano ya kutembea kwenda kazini ya 2011, kwa kutumia programu ya kijasusi inayoitwa FinFisher. Jina la operesheni hiyo lilikuwa kwa Kiswahili: Fungua Macho. Serikali ya kule ilikanusha. Na mwaka 2013 watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto waligundua programu hiyo hiyo imefichwa nyuma ya picha za viongozi wa kundi la upinzani la Ethiopia, Ginbot 7. Mfuasi anafungua picha ya kiongozi wake, kumbe anafungua mlango. Haya yapo, na jirani zetu yamewakuta.

Lakini kwetu sebuleni hayakuwa hayo. Kilikuwa kirusi cha mtaani, cha aina inayozunguka kwa flashi kutoka steshenari hadi steshenari, kisichojua chama wala kadi. Mlango tulifungua wenyewe, kwa programu ya wizi, kwa flashi za bakuli zima, kwa mashine isiyo na neno la siri. Na ukishaacha mlango wazi kwa kibaka, hata jasusi akija hana haja ya kuvunja. Tulipokimbilia kusema "ni wao", tuliacha kutazama mashine, na tulipoacha kutazama mashine tukamtazama mtu. Tulikuwa tayari kumvua kijana nafasi yake kwa ushahidi wa kimshale.

Ningesema nilimwomba radhi faraghani, ingetosha? Mama yangu alisema hapana, ulimtukana hadharani. Kwa hiyo nilirudi kwenye kundi lile lile, nikaandika kilichotokea, nikaandika kwamba sikuwahi kuwa na wasiwasi naye, niliandika vile kwa woga. Wengine walifuata. Wengine mpaka leo hawajafuata, na wanajijua.

Makamanda, kabla sijaketi, mambo machache ya kwenda nayo kwenye kata.

Kila kata iwe na flashi moja ya chama kwa kazi ya kuchapisha tu. Ikirudi kutoka steshenari, ikaguliwe kabla ya kufunguliwa. Afadhali zaidi, tuma kazi kwa barua pepe na usichomeke kitu.

Orodha za watu zisikae kwenye mashine ambayo watoto wanachezea. Ikibidi, tengeneza akaunti mbili kwenye Windows, yako yenye neno la siri na yao isiyo na mamlaka ya kusakinisha. Ni bure. Na jedwali lenyewe lifungwe kwa neno la siri.

Programu za kuvunja leseni, tuache. Windows isiyoamilishwa bado inafanya kazi, inakukera tu na maandishi pembeni ya kioo. Kwa barua na majedwali kuna LibreOffice, ni ya bure kihalali na inafungua mafaili ya Word na Excel.

Weka nakala mbili za kazi muhimu, moja ikiwa haijachomekwa popote.

Na tukumbuke sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Tunapenda kuitaja tukiikosoa serikali na kampuni za simu, na ni sawa. Lakini anayeshika orodha ya majina ya watu naye ana wajibu, hata kama anaishika sebuleni kwa mama yake.

Mwisho, kitu kikiharibika, tuulize kwanza "nini kimetokea?" kabla ya "nani kafanya?" Choma flashi nyingine uone. Tazama nafasi iliyotumika. Swali la kwanza linachukua dakika kumi. La pili, tukilikosea, linatupotezea mtu.

Yule kijana leo ndiye anayekagua flashi zote za jimbo. Mkitoka nje mtamkuta mlangoni na kompyuta yake. Mpeni zenu, na msimwambie hazina kitu.